Mtindi wa Magesa

Ugomvi wa kwanza wa Marcelina na Bwana Afya ulitokea kabla hajauza hata kikombe kimoja. Alikuwa amechemsha maziwa jikoni kwake Kamunyonge, mjini Musoma, akayagandisha kwenye sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, akaamini kwamba mtu yeyote akiuona usafi ule hatakuwa na neno. Bwana Afya wa kata, kijana mrefu aitwaye Prosper, alisimama mlangoni, akatazama dari, akatazama sakafu, kisha akatikisa kichwa.

"Mama Isaya, hapa siwezi kupapitisha. Choo kiko nyuma ya ukuta huu. Dirisha halina wavu. Na pale naona godoro."

"Hilo la mgeni. Analalaga mara moja moja tu."

"Hata kama. Mahali pa kutengenezea chakula cha kuuza hapalali mtu."

"Na wale wanaokaanga samaki juu ya mtaro wa maji machafu? Wao wana wavu gani?"

"Nao nitawafikia."

Marcelina alilia kwa hasira siku ile. Aliona sheria imetungwa kumkomoa mtu mwenye sufuria moja. Lakini mumewe Matiko, fundi ujenzi asiye na maneno mengi, alimsikiliza, na Jumamosi iliyofuata akaanza kuchimba msingi upande wa pili wa kiwanja, mbali na choo. Chumba kilipanda kidogo kidogo, kila walipopata mifuko ya saruji. Kikawekwa vigae, sinki lenye bomba lake, wavu madirishani, na mlango unaojifunga wenyewe. Marcelina akaenda kupima afya, choo na makohozi na damu, kama anavyotakiwa kila anayeshika chakula cha watu. Akahudhuria semina ya wasindikaji wadogo wa maziwa. Akafuatilia leseni, usajili wa jengo na usajili wa bidhaa, akapanga foleni mpaka viatu vikamchubua. Prosper aliporudi, alizunguka chumba kile kipya, akafungua bomba, akalifunga, akasema, "Sasa hapa, sawa."

Alipotakiwa kuandika jina la bidhaa, Marcelina hakufikiri mara mbili. Aliandika Mtindi wa Magesa. Magesa alikuwa baba yake, mfugaji wa huko Butiama, mtu aliyekuwa akinawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kugusa kiwele cha ng'ombe. Alikuwa ameshafariki. Marcelina alitaka jina lake lisomwe na watu wa mjini.

Ng'ombe wa marehemu walibaki kwa Boniphace, kaka yake Marcelina, mtoto pekee wa kiume. Yeye ndiye aliyemletea dada yake maziwa kila asubuhi kwa pikipiki, kwenye keni mbili za bati zilizofungwa kwa kamba za mpira. Walitaniana, wakaulizana habari za Mama, naye akarudi zake. Mambo yalikwenda vizuri. Maduka ya Nyakato yakaanza kumwagiza, kisha kantini ya ofisi moja mjini, kisha watu wa harusi.

Halafu asubuhi moja Marcelina akafungua sufuria, akakuta maziwa hayajaganda. Alidhani mtindi wa mbegu aliotia umechoka. Akaanza upya na mbegu nyingine. Kesho yake ikawa vilevile: maziwa yamelala tu kama yalivyochemshwa, hayana uchachu, hayana uzito. Aliyanusa, akayaonja kwa ncha ya kijiko, na ndipo maneno ya mwalimu wa semina yakamrudia: ng'ombe akichomwa dawa ya vijidudu, dawa hupita kwenye maziwa, nayo huua hata ile chachu inayogandisha.

Akampigia kaka yake simu.

"Boni, kuna ng'ombe umechoma sindano?"

"Hakuna."

"Kweli kabisa?"

"Marcelina, unanihoji kama polisi?"

Hakuridhika. Alipanda gari mpaka Makutano, akachukua bodaboda kwenda nyumbani Butiama. Boniphace alikuwa malishoni. Alimkuta wifi yake Boke uani, anasugua keni kwa majani na maji. Marcelina hakuzunguka, akauliza moja kwa moja.

"Wawili wana ugonjwa wa kiwele, wifi," Boke alisema. "Kaka yako amewachoma juzi na jana. Na leo wanachomwa tena."

"Na maziwa yao?"

Boke akaacha kusugua. "Yanachanganywaga na ya wengine. Kwani yana nini?"

Boniphace aliporudi, Marcelina alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, hata kiti hakutaka.

"Uliniambia hakuna."

"Ng'ombe akiugua nimwache afe?"

"Mtibu. Nani amekukataza kumtibu? Maziwa yake usiniletee mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite. Mimi nina kibali, Boni. Watoto wanakunywa kitu kile."

"Hata wangu wanakunywaga. Umewaona wamekufa?"

"Basi na wao usiwape."

Boniphace akacheka, lakini si kicheko cha utani. "Kwa hiyo nimwage? Maziwa ya ng'ombe wa baba niyamwage chini kwa sababu wewe umepewa karatasi mjini?"

"Ndiyo. Yamwage."

Mama yao, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mboga, aliinua uso kama mtu aliyesikia tusi. Katika boma lile hakuna aliyewahi kusema maziwa yamwagwe. Marcelina aliona jinsi mama yake alivyoumia, akaumia pia, lakini hakurudisha neno lake. Alirudi Musoma, na tangu wiki ile akaanza kununua maziwa kwa mfugaji wa Bweri aitwaye Chacha, mtu mgumu wa bei lakini anayesema ukweli kuhusu ng'ombe wake. Boniphace alimtumia ujumbe mmoja tu: *Umenikataa, sawa.*

Ilikuwa Jumatatu, baada ya Jumapili ya komunio ya kwanza kwenye parokia nyingi, Prosper alipofika akiwa na mwenzake kutoka ofisini. Hakuingia kama siku zote. Alibaki nje.

"Mama Isaya, kuna watu wamelazwa Bunda. Sherehe ya komunio. Wamekunywa mtindi wakaanza kutapika na kuharisha. Mtoto mwenyewe aliyepokea komunio yuko kwenye dripu."

"Yesu! Pole zao. Sasa?"

"Wanasema ni Mtindi wa Magesa."

"Mimi siuzi Bunda. Sijawahi kupeleka Bunda hata kikombe."

"Jina ni lako."

"Umekiona chombo chenyewe? Mimi natumia vikombe vipya, vina mfuniko wa kubandika, vina tarehe. Umeonyeshwa?"

"Sijaona. Nimepigiwa simu na wenzangu wa kule." Prosper alikuwa haangalii usoni. "Malalamiko kama haya yakija, tunafunga kwanza, tunachukua sampuli, tunasubiri majibu. Si mimi, ni utaratibu."

Wakachukua sampuli. Wakafunga chumba. Wakabandika karatasi mlangoni, yenye mhuri, ikisomeka mpaka barabarani. Majirani wakaanza kupita mara mbili mbili kama waliosahau kitu.

Marcelina akasimama mbele ya karatasi ile, sauti ikimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka.

"Bwana Afya, nikuulize. Kama ningekuwa nauza uchochoroni kwenye madumu, bila jina, bila leseni, leo ungenipata wapi?"

Prosper akaanza kufunga boksi la sampuli.

"Nijibu! Nimejenga chumba kizima kwa ajili yako. Nimepimwa mpaka choo. Nimejiandikisha ili mnijue. Sasa kwa kuwa ndiye mnayemjua mlango wake, ndiye mnayemfungia? Hata chombo hujakiona!"

"Mama Isaya, majibu yakitoka..."

"Yakitoka lini? Na jina langu litakuwa limeshafika wapi?"

Lilikuwa limeshafika. Kabla ya saa sita mchana duka la Nyakato lilimpigia kuomba aondoe mzigo wake kwenye friji yao. Mtu mmoja alimtumia ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka kwenye makundi ya simu, mwanamke akisema kwa haraka, "Jamani mtindi wa Magesa ni sumu, waambieni wengine." Matiko alitaka aende kulala kidogo. Badala yake Marcelina akafungasha kanga na maji ya kunywa.

"Nakwenda Bunda."

"Kufanya nini, Mama Isaya? Watu wana hasira kule."

"Hata mimi ninayo."

Alimpata mama wa mtoto hospitalini. Aliitwa Lucy, mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba ambaye nguo yake ya sherehe ilikuwa bado mwilini, imekunjamana. Mtoto, Sabina, alikuwa amelala na mkono wenye dripu umewekwa juu ya mto, midomo imekauka na kupasuka.

"Mimi ni Marcelina," alisema. "Ndiye mwenye Mtindi wa Magesa."

Lucy akasimama. "Umekuja kuangalia kama amekufa?"

Wanawake wa vitanda vya jirani wakageuka. Marcelina aliimeza kauli ile, kwa sababu hata angekuwa yeye angesema hivyohivyo.

"Nimekuja kumwona mtoto. Na nimekuja kukuomba unionyeshe ulichonunua."

Lucy akainama chini ya kitanda, akatoa mfuko wa plastiki. Alikuwa ameutunza kuwaonyesha wakubwa. Ndani yake mlikuwa na chupa ya maji ya kunywa iliyokwisha tumika, ile ya lita moja na nusu, lebo ya maji imebanduliwa nusu. Imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MTINDI WA MAGESA. Chini kulikuwa na mabaki ya kitu kilichotengana, maji ya njano juu, mabonge chini.

"Nani alikuletea hii?"

"Kaka yako. Si kaka yako yule? Mweusi, ana kovu hapa kwenye nyusi. Alisema oda zimekuzidi, anakusaidia kufungasha. Alisema wewe ndiye uliyemtuma."

Marcelina akaukunja tena mfuko ule polepole. Alikuwa amefika Bunda na hasira zake zimemwelekea Prosper, na wale wa makundi ya simu, na karatasi yenye mhuri. Sasa zote ziligeuka zikaelekea sehemu moja, na sehemu yenyewe ilikuwa nyumbani kwa mama yake.

"Sikumtuma," alisema. "Lakini ni kaka yangu, kweli."

Alitoka nje, akaketi kwenye benchi la saruji, akapiga simu.

"Boni. Niko hospitali ya Bunda. Nimemwona mtoto."

"Wanasemaje?"

"Nenda wewe mwenyewe ofisi ya afya ukaseme. Leo. Sema ulitengeneza wewe, sema ulikotoa maziwa, madaktari wajue wanachotibu. Ukienda mwenyewe nitakuja kusimama na wewe, naapa."

"Niseme nini? Maziwa ni ya ng'ombe wa baba. Jina ni la baba. Magesa ni baba yako peke yako?"

"Baba hakumpa mtu maziwa ya ng'ombe mgonjwa!"

"Wewe ulinikataa mbele ya mke wangu. Ulitaka nifanye nini na maziwa yale, niyaoge?"

Akakata simu. Hazikupita dakika nyingi, ikaita tena, na safari hii ilikuwa sauti ya baba mdogo Leodgar, mdogo wa marehemu, katekista mstaafu aliyezoea kusikilizwa.

"Mwanangu, nimesikia. Mambo ya ndani ya ukoo yabaki ndani. Mtoto atapona, chumba chako kitafunguliwa, na ndugu yako atabaki ndugu yako. Usiende kusema jina lake huko ofisini."

"Baba mdogo, jina langu wao wameshalisema."

"Wewe una karatasi zako, zitakulinda. Yeye hana kitu."

Marcelina aliitafakari sentensi ile. Kwa hiyo ndiyo faida ya kufuata sheria: uwe mahali salama pa kutupia makosa ya wasioifuata. Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye gauni, akaenda mpaka ofisi ya afya akatoa maelezo yake yote, jina kwa jina, ng'ombe wawili, sindano, chupa. Kisha akasaini.

Maofisa walikwenda Butiama kesho yake wakiwa na daktari wa mifugo. Walikuta madumu ya mafuta ya kula yamejazwa maziwa tayari kwa wateja wengine wa Bunda. Yote yalimwagwa. Boniphace akapigwa marufuku kuuza maziwa mpaka ng'ombe wapimwe, akafunguliwa kesi ya kutengeneza na kuuza chakula bila kibali.

Jumapili ikaitwa kikao cha ukoo. Matiko alisema asiende. Alikwenda.

Walikaa sebuleni kwa mama yao Butiama, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Leodgar alifungua kwa sala ndefu kuhusu upendo wa ndugu, kisha akasema ukoo umeumizwa. Alisema binti amempeleka kaka yake kwa serikali, kitu ambacho marehemu angekiona aibu. Alisema inapasa binti aende Bunda akafute maelezo yake, au akishindwa, abebe faini pamoja na ndugu yake kwa kuwa yeye ndiye mwenye biashara. Mashangazi wakaitikia kwa kichwa. Boniphace alikuwa ameinama, anachora sakafuni kwa kijiti.

"Umemaliza, baba mdogo?" Marcelina aliuliza.

"Nimemaliza."

"Mmezungumza tangu misa imeisha. Mmezungumzia aibu, faini, serikali, ng'ombe. Hakuna hata mmoja humu ndani aliyeuliza yule mtoto amefikia wapi. Hata mmoja! Amepokea komunio asubuhi, jioni anabebwa mgongoni hajitambui, na nyinyi mko hapa mnamhurumia aliyemnywesha. Sitafuta neno. Faini sibebi. Mkitaka kunitoa kwenye ukoo, nitoeni leo nikawahi gari."

Leodgar alifungua mdomo, lakini sauti iliyotoka kwanza ilikuwa ya mama yao.

"Anaitwa nani?"

"Nani, Mama?"

"Mtoto wa Bunda. Anaitwa nani?"

"Sabina. Ametolewa dripu juzi. Anakunywa uji sasa."

Mama akalirudia jina lile taratibu, kama anayeliweka mahali. Na hapo Boke, ambaye kwa desturi ya vikao vile alipaswa kukaa jikoni, akasema akiwa amesimama mlangoni:

"Yalikataa kuganda. Tulingoja, yakakataa. Ndipo akaniambia nikamulie ndimu yakatike yaonekane mtindi. Na hatukuyachemsha. Mimi ndiye niliyekamua zile ndimu, kwa mikono yangu."

"Boke!" Boniphace akainuka.

"Utanipiga mbele ya Mama? Nipige. Niliuliza kama si hatari, ukasema watu wa Bunda hawajui mtindi."

Kikao kiliisha bila sala ya kufunga. Marcelina aliagana na mama yake tu, na Boke akamsindikiza mpaka barabarani, akiwa amemshika mkono.

Majibu ya sampuli yalichelewa. Matiko alirudi kutafuta vibarua vya mbali, Marcelina akafikiria kuuza mihogo ya kukaanga. Lakini hata hilo hakuthubutu, kwa kuwa hakutaka mtu aseme amefungiwa bado anauza chakula. Alikaa. Hatimaye Prosper alikuja na barua: maziwa yake hayakuwa na tatizo, maji yake hayakuwa na tatizo. Akabandua karatasi mlangoni kwa kucha, gundi ikaacha alama.

"Pole, Mama Isaya. Unaweza kuendelea."

"Karatasi ya kunifunga ilisomwa na mtaa mzima. Hii ya kunifungua ataisoma nani?"

"Hilo... halimo kwenye utaratibu."

"Basi utaratibu wako ni nusu. Ingia kwenye hayo makundi ya simu mliyomo na viongozi wa mitaa, useme mwenyewe, kwa sauti yako. Nitakaa hapa kizingitini mpaka niisikie."

Prosper alitazama pikipiki yake, akamtazama yule mwanamke aliyekaa kizingitini kwenye koti jeupe, akatoa simu. Alisema maneno machache, ya kiofisi, lakini alitaja jina lake kamili na kusema mtindi ule haukuhusika. Jioni Lucy naye alituma ujumbe wa sauti, akasema aliuziwa kitu cha bandia chenye jina la mtu mwingine, na kwamba yeye ndiye aliyetuma ule wa kwanza, anaomba radhi.

Baadhi ya wateja walirudi. Duka la Nyakato halikurudi, na mwenye duka akimwona Marcelina hujifanya anatafuta kitu rafuni. Boniphace alilipa faini kwa kuuza fahali, na sasa daktari wa mifugo hufika bomani kwake kabla hajaruhusiwa kuuza hata lita. Hajazungumza na dada yake. Leodgar bado husema kwenye misiba kwamba wanawake wa mjini wamepotea.

Boke alikuja Kamunyonge mwezi wa pili tangu kikao kile, na mfuko mdogo wa nguo, akasema anataka kujifunza kutengeneza mtindi vizuri, kisha ajiandikishe kwa jina lake mwenyewe. Marcelina alimpeleka kwanza kupima afya. Waliporudi alimpa koti na kofia, akamfungulia bomba, akamwonyesha jinsi ya kunawa mpaka kwenye viwiko, na wakaanza kuchemsha maziwa ya Chacha.